Tulivuka Busisi Kwenda Nyamagana

Katika orodha za mechi za watani wa jadi, Jumamosi ya Agosti 10, 1974 hupewa mstari mmoja tu: Yanga 2, Simba 1, Uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Adam Sabu aliifungia Simba dakika ya 16. Gibson Sembuli akaisawazishia Yanga dakika ya 87, na Sunday Manara akafunga la ushindi dakika ya 97, ndani ya muda wa nyongeza. Kwa msomaji wa leo hayo ni matokeo. Kwa sisi tuliotoka Sengerema tukavuka maji kwenda kuishuhudia mechi ile, mstari huo umebeba safari nzima.

Kabla ya hapo, mtu wa kwetu alikwenda Mwanza kwa shida au kwa shughuli. Alikwenda kumuuguza ndugu, kuuza mzigo, kufuata kesi, au kupanda treni ya kwenda Tabora. Mjini palikuwa mahali pa kumaliza jambo na kugeuza haraka, kabla hela haijakuishia ugenini. Mechi ya Nyamagana ndiyo iliyowavusha wengi wetu kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kufurahi tu. Wenzangu wengi wa safari ile wametangulia mbele ya haki. Naandika ili ijulikane kwamba mji ule wa ziwani ulikuwa na wageni wa burudani zamani, kabla ya hoteli za ufukweni na mabango ya utalii, na wageni wenyewe walikuwa majirani zake.

Sengerema ya mwaka 1974 haikuwa wilaya bado. Tulikuwa sehemu ya Geita, na wilaya yetu ilianzishwa mwaka uliofuata. Kilichotufanya tujulikane ni hospitali ya misheni na pamba. Mwaka wenyewe ulikuwa mzito. Mvua zilikuwa zimetupa mgongo, chakula kilikuwa cha kuhesabu, na kila kikao cha kijiji kilikuwa na habari za Operesheni Vijiji: nani ahame, ahamie wapi, lini. Watu waliangalia nyumba zao walizozijenga kwa mikono yao wakijua huenda wakaziacha. Nasema haya kwa sababu vijana huniuliza watu walipataje moyo wa kwenda kutazama mpira katika mwaka kama ule. Jibu langu ni kwamba moyo ulikuwa unaitafuta nafasi hiyo. Agosti ilikuwa pia majira ya kuuza pamba, na kwa wiki chache kila kaya ilikuwa na noti mbili tatu mkononi.

Mjomba wangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika. Alikuwa na redio ya betri, na jioni uwanja wake ulijaa watu wa rika zote. Yeye alikuwa Yanga wa damu. Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la saba, na nilikuwa Simba, kwa sababu mwaka ule Simba ndiyo iliyokuwa ikitupeleka Afrika. Ilikuwa bingwa wa taifa wa 1973, ikaingia Klabu Bingwa Afrika, na hatimaye ilifika nusu fainali, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Redio iliposema kwamba Simba na Yanga zitakutana Mwanza kuwania ubingwa wa taifa, mjomba aliizima kabisa ili asikie vizuri kelele zetu. Kisha akanitazama.

"Mpwa wangu, utakwenda kulia ugenini."

"Mjomba, nitakwenda nawe, nione nani analia."

Ili mtu aelewe kwa nini habari ile ilituwasha hivyo, ni lazima ajue ngoma zetu. Usukumani kote, watu wa ngoma wamegawanyika katika makundi mawili tangu karne ya 19: Bagika, wanaomfuata Ngika, na Bagalu, wanaomfuata Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, makundi hayo hukutana kushindana. Wanacheza katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, nyimbo zake, mavazi yake na mbinu zake za kuteka macho. Huyu anarusha jembe la bugobogobo juu na kulidaka bila kukosa pigo la ngoma. Yule anatoa chatu kwenye sanduku na kumvaa shingoni. Watazamaji wako huru. Wanakimbilia upande unaowavutia, wakichoka wanahamia wa pili, na upande uliobaki na umati mkubwa ndio mshindi. Kwa hiyo kutazama kwetu kulikuwa kazi. Mtazamaji ndiye hakimu, na miguu yake ndiyo kura yake.

Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, aliielewa nguvu hiyo. Alizipa ngoma hizo nafasi katika sherehe za Bulabo pale Bujora, ng'ambo ya Mwanza karibu na Kisesa, na makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa hapohapo mwaka 1968. Watu wa kwetu waliowahi kwenda Bulabo walirudi na masimulizi ya mwaka mzima. Sasa tukaambiwa kuna uwanja mmoja, pande mbili, nchi nzima imegawanyika, na safari ni ya siku moja. Hakuna aliyehitaji kufundishwa ushabiki. Tulikuwa nao tangu tumboni mwa mama zetu.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri juu ya lori la magunia. Vumbi la barabara ya Busisi lilitupaka rangi moja, Simba na Yanga hatukutofautiana tena. Busisi tulikuta foleni ya magari na umati ambao gati lile halikuwa limeuzoea. Kivuko cha siku zile kilibeba magari machache, na kilipoondoka ulikuwa unakaa chini kungoja kirudi kutoka Kigongo. Akina mama walikuwa wamewahi kutuelewa kuliko serikali. Walikuwa wamepanga masinia ya matobolwa ya viazi vitamu, samaki wa kukaanga na chai ya rangi kwenye mabirika meusi. Samaki wenyewe walikuwa sato na ningu. Sangara aliyekuja kulitawala ziwa miaka ya themanini hatukuwa tukimjua mezani.

"Mwadila, mayu," mjomba alimwamkia mmoja wao kwa salamu ya mchana ya Kisukuma, ingawa jua lilikuwa bado halijafika utosini.

"Mwadila. Ninyi nanyi mnakwenda kwenye mpira?"

"Twende wote, mayu."

"Nikienda, nani atawalisha mkirudi mmefungwa?"

Watu walicheka hadi utingo wa lori letu akashuka kuuliza kulikoni. Kivukoni upepo ulikuwa mkali, maji yakigonga ubavu wa chuma, na wimbo mmoja ulianzishwa na wazee wa Bagalu waliokuwa kwenye msafara, wakaitikiwa na pande zote. Niliona wavuvi wa Kizinza na Kikerewe, walimu, mafundi cherehani, na vijana wawili waliovaa kofia za karatasi walizozipaka rangi wenyewe. Kutoka Kigongo tulipanda basi lililojaa hadi mlangoni, tukapita Usagara, na mchana mawe makubwa ya Mwanza yakaanza kuonekana, yamebebana juu ya vilima.

Mji ulikuwa umefurika. Watu walikuwa wametoka Shinyanga, Musoma, Bukoba, Ukerewe na Tabora. Wa Bukoba walishuka bandarini kutoka kwenye meli, wengine walishuka stesheni. Nyumba za kulala wageni zilikuwa zimejaa, wenyeji wakafungua vyumba vyao, sebule zao na baraza zao. Sisi tulilala kwa jamaa wa mjomba pale Igogo, tumepangana kwenye mikeka, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya malipo. Jioni ile redio ilitangaza kwamba Rais Richard Nixon wa Marekani ameacha madaraka, jambo ambalo halijapata kutokea katika nchi ile. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni habari kubwa, kisha akauliza kama kuna mtu anajua Sembuli ameamkaje. Baraza zima likarudi kwenye mpira.

Jumamosi tulifika Nyamagana mapema, na bado tulikuta wengine wameshakaa. Wasio na tiketi walikuwa juu ya miti na juu ya mabodi ya malori nje ya uwanja. Sisi tulikaa chini, magoti kifuani, karibu kabisa na mstari, kiasi kwamba mpira ulipotoka nje vumbi lake lilitufikia. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo redio haikuwa imeniambia: kwamba mchezaji hupumua kwa sauti, kwamba viatu hukwaruza ardhi, kwamba wachezaji huitana kwa majina muda wote kama watu walio shambani. Majina niliyoyasikia redioni yakageuka watu wenye jasho.

Bao la Adam Sabu lilikuja mapema. Sikuona mpira ukivuka mstari, maana jirani yangu alisimama mbele yangu. Niliona wavu ukitikisika, kisha nikajikuta nimekumbatiwa na mtu nisiyemjua, Mhaya kwa lafudhi yake, akinipiga mgongoni huku machozi yanamtoka. Mjomba alikaa kimya, gazeti limefunika kichwa chake kwa jua. Simba walilinda bao lile kwa zaidi ya saa nzima. Kila dakika iliyopita upande wetu uliongeza sauti, na upande wa Yanga ukapoa, hadi wengine wakaanza kuangalia njia ya kutokea.

Zikiwa zimebaki dakika tatu, Sembuli akasawazisha. Aliyekuwa akijulikana nchi nzima kwa mashuti makali alituzima kwa pigo moja. Nakumbuka zaidi mlio wa uwanja kuliko bao lenyewe. Kelele zilihama. Zilikuwa kwetu, zikakoma, kisha zikalipuka upande wa pili, na waliokuwa wameanza kutoka wakarudi mbio, wengine wameshika viatu mkononi. Mjomba alisimama, akatoa gazeti kichwani, akaliweka mfukoni taratibu. Katika muda wa nyongeza jua lilikuwa limeinamia magharibi, upande wa kwetu, na vivuli vya wachezaji vilikuwa virefu kupita kiasi. Dakika ya 97 Sunday Manara akafunga. Yanga wakawa mabingwa wa taifa wa mwaka 1974.

Tulipotoka, nilikuwa na uchungu ambao sikuwahi kuupata kwa jambo lisilokuwa msiba. Mjomba hakunitania mbele za watu. Alininunulia soda, akaninunulia na kipande cha nyama choma, akaniambia, "Kula. Mwakani nitakuwa mimi." Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na nimeona ushabiki wa matusi, wa kurushiana chupa na wa kuitana majina mitandaoni. Kila mara naukumbuka mkono wa mjomba ulioshika ile soda. Utani wa jadi ni kazi ya watu wawili, na anayeshinda ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kama mwenzake atarudi tena uwanjani.

Jumapili asubuhi, kabla ya kurudi, watu wengi wa msafara wetu walikwenda kisiwani Saanane. Kisiwa hicho kilichobeba jina la mvuvi na mkulima Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa na makazi yake pale, kilifanywa bustani ya wanyama ya serikali mwaka 1964, ya kwanza nchini. Wanyama waliletwa kutoka mbugani ili wananchi wajifunze uhifadhi, na baadhi yao walipita pale kabla ya kupelekwa kisiwa cha Rubondo. Fikiria mtu aliyezaliwa Sengerema. Anamsikia tembo katika hadithi za bibi, anaishi katika nchi iliyosifika duniani kwa Serengeti, na hajawahi kumwona pundamilia kwa macho yake. Pale, kwa mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, alimwona. Mzee mmoja wa Bagalu alisimama mbele ya twiga kwa muda mrefu mno, akimtazama kuanzia kwato hadi pembe, mpaka wajukuu wakamvuta.

Kwenye banda la simba ndipo palipojaa watu. Mashabiki wa Yanga walikuwa wamewahi kufika, wakimpa pole kwa yaliyompata jana, wakimuuliza kama amelala. Simba mwenyewe alijinyoosha, akapiga mwayo, akageukia ukuta. Hata sisi tuliofungwa tulicheka. Mtunza wanyama aliutumia umati uleule kueleza anakula nini, anaishi miaka mingapi, kwa nini asipigwe mawe. Watu walimsikiliza, wakauliza maswali, wakabishana naye. Sijaona darasa la uhifadhi lililohudhuriwa vizuri kama lile, na liliwezekana kwa sababu watu walikuwa wamekuja mjini kwa ajili ya mpira.

Tulirudi Busisi jioni. Mama wa matobolwa alikuwa amehesabu sawasawa: tulishuka na njaa, na nusu yetu tumefungwa. Siku zilizofuata, kwenye mashindano ya ngoma, watunzi walikuwa tayari na nyimbo za Sembuli na Manara. Miaka michache baadaye habari zikafika kwamba Sunday Manara amekwenda Ulaya kucheza Heracles ya Uholanzi. Sengerema habari hiyo ilikuwa na ladha yake, maana hospitali yetu ilikuwa na madaktari kutoka Uholanzi, na watu waliokwenda kutibiwa waliwaeleza kwa fahari kwamba huyo mchezaji wanamfahamu, walimwona kwa macho, akiwa hatua chache tu mbele yao.

Hapo ndipo penye kiini cha ushahidi wangu. Mechi kubwa ikichezwa Dar es Salaam kila mara, watu wa Kanda ya Ziwa huisikia. Ilipochezwa Nyamagana, tuliimiliki. Taifa, ambalo mwaka ule tulilijua zaidi kwa amri za kuhama, lilitufikia pia kwa sura ya furaha, na tukajiona tumo ndani yake.

Mambo mengi yamekuja baada ya hapo. Uwanja wa Kirumba ulijengwa na mechi kubwa zikahamia huko. Pamba ya Mwanza ilitupa fahari yetu wenyewe: mwaka 1990, katika Kombe la Washindi Afrika, iliichapa Anse Boileau ya Shelisheli jumla ya mabao 17 kwa 1. Wapiga kasia wa Kome na Ukerewe walikuja mjini kushindana katika mbio za mitumbwi. Watani wa jadi nao walirudi: Oktoba 2010 Jerry Tegete aliipa Yanga ushindi pale Kirumba, na Mei 2022 Feisal Salum akafanya vilevile katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Saanane ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Pamba, baada ya miaka mingi ya kukaa nje, ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Na Juni 19, 2025 Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilizinduliwa, kilomita 3 za barabara juu ya maji yaleyale tuliyoyavuka tukiimba. Kungoja kwa saa nyingi kumekuwa mwendo wa dakika chache.

Daraja hilo linanipa haki ya kusema neno moja kwa wanaopanga mambo ya Mwanza. Mipango ya utalii mara nyingi humtazama mgeni anayeteremka na ndege akiwa njiani kwenda Serengeti. Aje, anakaribishwa. Lakini mgeni atakayejaza boti za Saanane Jumapili baada ya Jumapili, atakayekula samaki mwaloni na kununua jezi ya Pamba Jiji, anatoka Sengerema, Buchosa, Geita, Misungwi, Magu na Ukerewe. Anahitaji vitu vichache. Mechi kubwa ya taifa iletwe Kirumba kila mwaka kwa utaratibu unaojulikana, isiwe bahati nasibu. Siku ya kuamkia mechi, Bagika na Bagalu wapewe Nyamagana, wachezee pale penye nyasi bandia leo, watazamaji waamue kwa miguu yao. Shule za ng'ambo yetu zipangiwe zamu ya kwenda Saanane, ili mtoto asizeeke kabla ya kumwona twiga. Na mabasi ya kurudi usiku yawepo, maana sasa hakuna kivuko cha kusubiri.

Tarehe zitangazwe mapema, wakati wa kuuza pamba kama ilivyokuwa mwaka ule, na Sengerema ihesabiwe miongoni mwa watazamaji tangu mwanzo wa mipango. Watu wa kwetu walikwenda katika mwaka wa njaa na wa kuhamishwa, juu ya lori la magunia. Kwa barabara ya lami na daraja, watakwenda.